Mavu wa Chumba cha Kona

Jumatatu, 6 Oktoba

Muuza viatu kahama chumba cha kona. Hatimaye!

Madirisha mawili. Moja linatazama barabara, jingine linatazama uchochoro. Asubuhi mwanga unaingia huku, jioni unaingia kule. Yule bwana alikuwa anautumia kuangazia kandambili. Dhambi tupu.

Mimi je? Nimo chumba cha nyuma, hakina dirisha hata la kutolea kikohozi. Nashona suruali nyeusi kwa uzi mweusi chini ya taa inayokonyeza kama kijana wa kijiweni. Mwezi uliopita nilimwekea mteja zipu upande wa nyuma. Akaivaa hadi kazini. Alivyorudi hakugomba, aliniuliza kwa upole kama nyumbani kwangu ni salama. Bora angegomba.

Mtu wa macho kanipima, kanipa miwani, kisha akasema bila kupepesa: fundi, tafuta mwanga au tafuta kazi nyingine. Kazi ipi? Nilianza na sindano ya mkono na kiti cha kuazima. Hakuna aliyenishika mkono. Mpaka leo kila kifungo nilichonacho nimekitolea jasho mwenyewe. Nikikosa chumba kile, nimekwisha.

Mama mwenye nyumba kasema atakuja Jumamosi na ufunguo, atamkabidhi anayemwona anafaa. Hapo ndipo penye mwiba. Mahameli!

Mahameli ndiye fundi mapazia wa chumba cha katikati. Jina hilo kapewa na mtaa kwa sababu ya kitambaa chake, na kwa sababu ya sauti yake pia. Anatembeza tepu shingoni na hajawahi kumpima kiuno mwanadamu. Jana kaenda kwa mama mwenye nyumba, katoka anatabasamu. Mtu hamchekei mwenye nyumba bila sababu. Nilimchimba kwa mbali, nikamuuliza eti kona imebaki wazi, sijui nani ana bahati. Akanijibu kwamba vyumba ni mambo ya Mungu na mwenye nyumba, kaka. Mnafiki!

Lakini leo kajifichua. Tumesimama wawili nje ya dirisha la kona, kila mmoja anajifanya anapita. Nyigu mmoja, mwembamba tu, kashuka kutoka upenuni, katua kwenye fremu. Mahameli karuka! Robota lake la kitambaa likaenda juu, yeye akaenda mtaroni. Mtu mzima, ndevu zote zile.

Nilimsaidia kutoka. Nilikuwa nacheka kwa ndani mpaka mbavu zinaniuma.

Mpango umezaliwa.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda chuoni kwa shemeji, mdogo wake mke wangu. Yeye kazi yake ni wadudu. Anawachoma pini, anawapanga ndani ya visanduku vyenye kioo, kila mmoja na kikaratasi chake. Serikali inamlipa kwa hilo. Mimi nikichoma pini kwenye pindo la suruali nalaumiwa.

Nikamwambia nataka mdudu wa kutisha wa jamii ya nyigu, kwa ajili ya elimu tu. Akaniangalia vile anavyoangalia visanduku. Akasema elimu na wewe, shem, hamjakutana tangu darasa la saba.

Hata hivyo kanionyesha. Mavu! Nyigu ni mtoto mbele yake. Mweusi kama suruali ya msiba, kichwa chekundu cha matofali, na kiunoni kafunga ukanda mmoja mpana wa manjano iliyoiva. Mfanyakazi wa kawaida inchi moja kamili, malkia anazidi kidogo. Nilimpima kwa tepu yangu juu ya kioo. Shemeji alitaka kunipiga mkono.

Akaniambia yuko ndugu yake wa kufanana naye, watu wanawachanganya kila siku. Huyo mwingine rangi imejaa pingili mbili za kwanza za tumbo. Huyu wetu rangi iko kwenye pingili ya pili peke yake. Kwa hiyo tazama mshono. Ukiona manjano imevuka mshono, huyo ni yule ndugu. Ukiona manjano imeanzia kwenye mshono na kuishia kwenye mshono, huyo ndiye mwenyewe, mavu wa ukanda mmoja. Nilimwelewa mara moja. Mambo ya mishono sihitaji chuo.

Chakula chake ni majana ya nyigu wenzake. Anavamia kiota chao, anawafukuza wazazi, anawavuta watoto mmoja mmoja kutoka vyumbani, anawatafuna, anawapelekea wadogo zake. Yeye mwenyewe haning'inizi nyumba upenuni. Anajenga shimoni, au ndani ya gogo lenye uvungu, mahali pa siri. Shemeji aliendelea sana, kuhusu dume na jike na vipapasio sijui pingili ngapi. Hapo nilikuwa nimeshapata nilichokifuata. Nikaaga. Akanipigia kelele mgongoni kwamba mdudu anahesabiwa kwanza ndipo apewe jina, na nisiende kumchezea mtu.

Basi. Upenuni pa kona pana kiota cha nyigu wa karatasi, kama kisahani kilichogeuzwa, matundu yanaangalia chini. Nyigu wa kawaida kabisa, viuno vya uzi. Kwa Mahameli, tangu leo, ni mavu.

Nimemwambia jioni, kwa masikitiko. Nimesema shemeji yangu wa chuoni kathibitisha. Nimesema wana ukanda mmoja, wanavamia, wanatafuna watoto. Nikaongeza kidogo ya kwangu: wanakariri sura, na hawaivumilii mahameli. Kabadilika rangi! Kauliza rangi gani ya mahameli. Nikamtazama alivyovaa, nikasema hasa hiyo ya zambarau.

Kavua koti papo hapo. Leo nitalala kama mtoto.

Jumatano, 8 Oktoba

Balaa.

Mahameli kanywea, sawa. Lakini kanywea mpaka kwa mama mwenye nyumba! Kampelekea habari zote, pamoja na zile nilizoongeza.

Mama mwenye nyumba kaja saa ya kazi, kajifunga mtandio mpaka puani, kashika mwavuli kama bunduki. Kasimama ng'ambo ya barabara. Hakuvuka. Katangaza kutoka huko huko, mtaa mzima unasikia, kwamba nyumba yake haitaua mtu. Kama ni mavu, Jumamosi anafunga jengo zima. Wapangaji wote nje. Anamleta mtu wa dawa, kisha anang'oa paa, kisha kile chumba cha kona anakigeuza stoo ya mbao zake, maana hawezi kukipangisha chumba chenye laana.

Wapangaji wote! Na mimi mpangaji!

Nikavuka mimi. Nikamwambia mama, huenda si mavu. Akasema fundi, si wewe uliyesema? Nikasema nilinukuliwa vibaya. Akauliza nilisema nini basi. Nikasema nilisema wanaweza kuwa mavu kwa mtu asiyejua. Akaniambia nisimletee maneno ya viraka. Kama si mavu, nimwonyeshe mdudu mwenyewe kwa macho yake Jumamosi asubuhi, na nimwonyeshe kwamba hana madhara. Nikishindwa, kufuli.

Mke wangu kasikia yote. Kaniambia mchimba kisima, baba. Hakumalizia. Miaka yote hii ya ndoa, methali zake ananipa nusu, nyingine nijaze mwenyewe.

Mahameli kaja kunipa pole! Ati tutakuwa barabarani pamoja, kaka. Mtu mwenyewe ndiye kapeleka maneno.

Nimepiga hesabu. Uwezekano wa kupata chumba Jumanne ulikuwa tisa kwa kumi. Leo ni sifuri, na chumba nilichonacho kimekwenda pia. Nimeweka rehani nisichokuwa nacho nikapoteza nilichokuwa nacho. Hata muuza viatu asingefanya biashara hii.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya ushahidi. Nilihitaji mdudu ndani ya kopo.

Silaha: glavu za mke wangu za kufulia, kopo la vifungo, na kitu cha kufunika uso. Sina kitambaa chepesi, mimi nashona suruali. Nikaazima kwa Mahameli shela ya dirishani, ile yenye maua. Hakuniuliza kitu. Alinifunika mwenyewe, akaifunga vizuri nyuma, akarudi hatua mbili akasema imenikaa.

Nikatoka barabarani. Mama mmoja anayeuza matunda akapiga vigelegele, akauliza bwana harusi yuko wapi. Watu wakubwa wote walichekwa kwanza.

Kabla sijafika upenuni nikamwona kwenye pembe ya dirisha, chini. Mkubwa. Mweusi. Ukanda wa manjano ya chungwa kiunoni! Nilidanganya kuhusu mavu, na mavu kaja kweli, kama mgeni aliyetajwa.

Lakini huyu hakunitazama. Alikuwa ameshika kiwavi cha kijani, anakisukumia ndani ya kichungu kidogo cha udongo alichokibandika ukutani. Kichungu kizuri, na mdomo wake umepinda nje. Nikamfunika na kopo. Nikatelezesha kifuniko. Vifungo vinne vikabaki naye mle ndani.

Nilikwenda chuoni kwa miguu, nimenyoosha kopo mbele kama mtu aliyebeba uji wa moto. Njia nzima nilipishwa. Niliisahau shela kichwani, huenda na hiyo ilichangia.

Shemeji alipoacha kucheka alimtazama kwa lenzi. Akasema huyu si mavu hata kidogo. Huyu ni nyigu mfinyanzi. Tazama kiuno, kirefu kama uzi wa kushikizia. Mavu ana kiuno kinene kilichokaza, kama mtu aliyevaa mkanda wa kubebea mizigo. Mfinyanzi anaishi peke yake. Hana malkia, hana jeshi, hana nyumba ya kulinda. Anafinyanga kichungu, anataga yai moja, anajaza viwavi aliowapooza, anaziba, anakwenda zake. Ule ukanda kaiga. Ndege akiuona anadhani mavu, anamwacha.

Nilitaka kumbusu mdudu. Mwigizaji! Kavaa koti la mkubwa, ndani mfinyanzi tu. Namjua mtu wa namna hiyo, anatembea na tepu shingoni.

Nikauliza: kwa hiyo hana madhara. Shemeji akasema hana ugomvi. Akasema pia jambo kuhusu kumbana vidoleni, sikulisikia vizuri kwa furaha. Nikamwomba cheti chenye muhuri. Akakataa. Ila atakuja mwenyewe Jumamosi amweleze mama mwenye nyumba. Akanishika bega. Shem, mpaka nifike, usimguse mdudu yeyote. Niahidi. Nikaahidi.

Nilimrudisha mfinyanzi kwenye kichungu chake. Aliendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mfanyakazi mwenzangu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mahameli kaenda tena kwa mama mwenye nyumba! Mara ya tatu! Jengo liko mbioni kufungwa na bado anabembeleza kona. Au wameshapatana, na mimi nitatolewa nje kwa kisingizio cha mdudu? Kimya kingi kina mshindo.

Maneno ya shemeji hayatatosha. Mama mwenye nyumba hataki mhadhara, alishasema aonyeshwe. Nimeamua. Kesho nitamshika mfinyanzi kwa vidole viwili, mikono mitupu, mbele ya wote. Ahadi kwa shemeji nimeifikiria. Aliniambia nisiguse mpaka afike. Akichelewa kosa si langu.

Nimefanya mazoezi na kifungo cha koti. Kidole gumba na cha shahada, pole pole, kutoka nyuma. Mke wangu kanikuta namnong'oneza kifungo asiogope. Kaondoka bila kusema hata nusu methali.

Mchana nikaenda kukagua uwanja. Habari njema! Wafinyanzi wameongezeka. Sasa wako juu, kwenye kiota cha nyigu wa karatasi, wakubwa wanne watano, ukanda huo huo, vichwa vyekundu. Wamenenepa kuliko yule wa jana, nadhani kwa viwavi. Wanaingiza kichwa tunduni, wanavuta kitu cheupe, wanatafuna, wanaruka. Wenye kiota wamejikusanya pembeni kwenye boriti, hawasemi kitu, kama wapangaji waliotolewa vyombo nje. Hawakupigana hata kidogo.

Nilisikitika kidogo. Kisha nikapiga hesabu: wafinyanzi wengi zaidi maana yake nafasi ya kumpata mmoja kesho ni kubwa zaidi. Nilitaka hata kujaribu leo leo, nikapanda kwenye kiti, nikanyoosha mkono. Mteja akaniita. Alikuja kuchukua suruali yake na akaniuliza mguu wa tatu ni wa nani.

Nilikuwa nimeshona mkono wa koti la mtu mwingine. Ile taa!

Kesho, kesho. Mwanga au kufa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi ya baridi, mawingu. Mama mwenye nyumba kaja na mwavuli wake na kufuli jipya, liking'aa. Mama wa matunda yuko. Wapita njia wako. Mahameli yuko mbali kabisa, kajizungushia mapazia mawili, macho tu yanaonekana. Shemeji hayupo. Nilingoja kwa heshima. Nadhani niliwahi kuhesabu mpaka kumi.

Nikatoa hotuba. Nikasema ndugu zangu, mnaogopa koti. Nikasema koti nalijua, ndiyo kazi yangu, na ndani ya koti hili hamna mtu. Nikageukia dirisha. Alikuwepo mmoja, katulia kwenye fremu, kazubaa kwa baridi. Mkubwa, ukanda safi. Nikapeleka vidole kutoka nyuma kama kwenye mazoezi.

Nikamshika!

Watu wakaguna kwa pamoja. Mdudu akaamka. Akakunja tumbo, akanichoma kidole kwa ncha ya mkia. Akanichoma tena. Na tena. Nikasikia kama kutekenywa na ncha ya chaki. Nikamwinua juu. Nikamzungusha ili kila upande wa barabara uone. Mama wa matunda akapiga vigelegele vya pili, safari hii vya heshima. Mama mwenye nyumba akakunja mwavuli. Akavuka barabara! Akasema fundi, sikujua una moyo huu. Akaliweka kufuli mkobani, akatoa ufunguo wa kona, akauweka kwenye mkono wangu uliokuwa mtupu.

Hapo ndipo shemeji alipofika na baiskeli.

Hakusalimu. Aliiacha baiskeli ianguke. Akaja kwa hatua za paka, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeongea na mtoto aliyekaa kwenye ukingo wa kisima: shem, usimbane, usimwachie, usipumue sana. Nikamwambia kwa kunong'ona asiniharibie, ni mfinyanzi. Akasema tazama kiuno. Nikatazama. Kinene. Kimekaza. Akasema tazama kichwa. Matofali. Akasema tazama manjano, inaanzia wapi. Inaanzia kwenye mshono. Inaishia kwenye mshono.

Mavu! Mavu mwenyewe, vidoleni mwangu!

Nilimwomba shemeji amwambie mke wangu kwamba cherehani asiiuze kwa kaka yake. Shemeji aliniambia ninyamaze anahesabu. Katoa lenzi. Kahesabu pingili za kipapasio, midomo inacheza. Kumi na tatu. Kahesabu pingili za tumbo. Saba. Katazama ncha ya mkia, butu. Kisha kavuta pumzi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akivuta, na kakaa chini palepale kwenye vumbi.

Akasema ni dume.

Jike angekuwa na pingili kumi na mbili kwenye kipapasio, nacho kifupi zaidi, na tumbo la pingili sita. Na mwiba. Mwiba ni chombo cha jike, ndicho kilichokuwa cha kutagia mayai kikageuka silaha. Dume hakuzaliwa nacho. Anakunja mkia na kujifanya anachoma, basi. Msimu huu wametoka kutafuta malkia. Akaniambia umeokolewa na vipapasio virefu, shem, si na akili.

Na wale wa jana? Wale walikuwa dada zake, wote na miiba yao, waliokuja kuwavamia nyigu wa karatasi. Akauliza sikuwagusa? Nikakumbuka kiti. Nikakumbuka mkono ulivyonyooka. Nikakumbuka mteja wa mguu wa tatu, Mungu ampe maisha marefu. Nikasema hapana, mimi na wadudu mpaka mtaalamu afike.

Nikafungua vidole. Dume akaruka zake, hana kinyongo. Nilibaki nakitazama kidole changu, kizima, pinki, kizuri. Sijawahi kukipenda kidole namna ile.

Haya yote tulinong'onezana. Barabara haikusikia. Shemeji akamwendea mama mwenye nyumba, akamweleza kwa ustaarabu kwamba kiota cha upenuni kimeshamalizwa, kimebaki ganda kama gunzi lililotafunwa, wenyewe wamehama na wavamizi hawatarudi palipokwisha. Mavu nyumba yao haiko hapa, labda ni shimo lile chini ya kisiki mwisho wa uchochoro. Asiyewagongea mlango hawamgongei wake. Hakuna wa kupuliziwa dawa, hakuna paa la kung'olewa. Mama mwenye nyumba akakaa juu ya ndoo ya mtu akacheka kwa kupungukiwa hofu mpaka mtandio ukamvuka.

Kisha Mahameli akaja. Akafunua pazia usoni. Akanipa mkono, kile kile kidole, akasema hongera kaka. Akamgeukia mama mwenye nyumba, akamuuliza kwa sauti yake laini: kwa hiyo mama, sasa ile ahadi yangu?

Nikajua. Hapo ndipo kisu kinapotoka.

Mama mwenye nyumba akasema bila shaka, baba. Akaniomba ufunguo. Nikamnyooshea ule wa kona. Akasema si huo. Wa chumba chako cha nyuma.

Mahameli anataka chumba cha nyuma! Jua linapausha mahameli. Lile dirisha la chumba chake cha katikati limemharibia marobota mawili. Mara zote tatu kwa mama mwenye nyumba alikwenda kumwomba amtafutie kiza, na kwa hiyo, tafadhali, mimi nihamishiwe kona. Alikuwa ananitetea! Mama mwenye nyumba akasema alishakubali tangu Jumapili iliyopita. Alikuwa anakuja leo kunipa ufunguo tu.

Shemeji alinitazama. Sikumtazama. Nilitazama kisiki mwisho wa uchochoro, kwa mbali.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimehamia kona!

Mwanga! Nimetunga uzi mweusi kwenye sindano kwa mara ya kwanza bila kulamba wala kuapa. Nimeikagua suruali niliyoimaliza wiki jana nikagundua ni ya kijani. Mwenyewe ataipenda, nadhani. Mke wangu kaja kunitazama, nami nikamtazama mchana kweupe, nikamwambia hajazeeka hata kidogo. Akaniambia mwanga unaona pande zote mbili, baba, na wewe umeota mvi puani.

Hata hivyo kakaa. Kanishonea vifungo vya suruali tatu pale dirishani, mguu kwenye mguu, tunaongea. Sikumbuki mara ya mwisho. Mzigo wa mwaka mzima umeshuka mabegani, nausikia ukishuka.

Mahameli kanisaidia kubeba cherehani. Upande mzito kaubeba yeye. Kisha kaniletea pazia la dirisha la uchochoro, jipya, kakataa kitu chochote. Ati karibu mwangani, kaka.

Mfinyanzi yuko pembeni hapa, kamaliza kichungu cha pili. Tumekubaliana, yeye udongo mimi uzi.

Nimemwahidi shemeji sitashika mdudu tena. Kaniambia niandike. Nimeandika.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mahameli anapiga mluzi.

Asubuhi nzima, kutoka chumba cha nyuma, mluzi. Mtu hapigi mluzi kizani bila sababu. Mimi nilikaa mle miaka mingapi sijawahi kutoa hata nusu mluzi.

Nimekaa nimepiga hesabu. Mtu kaacha dirisha. Kakataa kona, tena kwa hiari. Kanibebea cherehani upande mzito. Kanipa pazia. Kwa nini pazia, kama si kuniziba macho? Mle ndani kuna kitu. Nilikaa juu yake miaka yote kwa sababu ya ile taa sikukiona, na yeye kakiona kupitia tundu la ukuta. Jua linapausha mahameli! Mtoto mchanga asingeamini.

Kile chumba changu. Nilikitolea jasho.

Sitagombana. Mimi si mtu wa fujo. Anaogopa wadudu, anaogopa sana. Dume mmoja wa mavu, asiye na mwiba, kwenye kopo la vifungo, anaachiwa mle ndani taratibu wakati Mahameli anakunywa chai. Hakuna atakayeumia. Kufika mchana mluzi umekwisha na ufunguo umerudi. Shemeji aliniambia nisishike mdudu. Sasa hivi mdudu ninayemjua kwa pingili si mdudu tena, ni jamaa. Zimwi likujualo.

Na bahati ilivyo! Naandika haya, na mmoja katua hapa hapa kwenye fremu, mkono mmoja kutoka kwenye daftari. Nimemkagua kitaalamu, sikurupuki kama zamani. Kichwa matofali, sawa. Kiuno kinene, sawa. Manjano mshono kwa mshono, sawa kabisa.

Vipapasio tu ndivyo vifupi kidogo. Nadhani kanyoa.